Kabla hujalipia tabasamu jipya: maneno ya mtu mwenye meno ya Arusha

Kama umekulia Maji ya Chai, Ngurdoto, Kikatiti au kokote kule chini ya Mlima Meru, huhitaji kuelezwa meno ya kahawia ni nini. Unayo wewe, au anayo mama yako, au alikuwa nayo mwalimu aliyekufundisha kusoma. Kule hakuna anayekutazama mara mbili. Mimi nilimaliza kidato cha nne sijui kama nina tatizo. Tatizo nililikuta Dar es Salaam, chuoni, watu walipoanza kuniuliza kama navuta sigara, na wengine, wakidhani wananionea huruma, kama kwetu miswaki inapatikana.

Siku hizi nikiweka picha ninayocheka, lazima kuna mtu wa kaskazini atanifuata inbox: "Dada, ulifanyia wapi? Shilingi ngapi?" Nawajibu. Ila kuna swali lililo nyuma ya hayo mawili ambalo karibu wote wanaliruka: ukishayatengeneza, utajiamini? Kwa upande wangu jibu ni ndiyo, lakini kwa sehemu tu, na si ile sehemu niliyokuwa naitegemea.

Kwanza ujue kilichokupata, maana wengi wetu tumebebeshwa aibu ya uchafu bure. Miamba ya volkano ya Meru na ya Bonde la Ufa imejaa madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huibeba. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, haikomai vizuri. Inabaki na vitundu vidogo vidogo chini ya uso wake. Jino linatoka jeupe la chokaa, si la kahawia. Ukahawia unaingia baadaye, vile vitundu vikifyonza rangi ya chai na vyakula. Ndiyo maana hata upige mswaki mara nne kwa siku hautoki. Kuchemsha maji hakusaidii pia, kwa sababu maji yanapungua kwenye sufuria na floraidi inabaki palepale. Na magadi tunayopikia maharage na makande nayo huwa na floraidi yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, na kabla ya hapo hadi 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu iliyo wazi: maeneo mengine hakuna chanzo kingine cha maji. Kipimo ambacho madaktari wa meno duniani hukitumia kupanga ukali wa tatizo hili, kuanzia 0 hadi 9, kilitolewa mwaka 1978 na wataalamu wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, baada ya kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Meno yetu yako vitabuni! Na hatuko peke yetu. Nakuru na Naivasha kule Kenya wanayo. Colorado Springs kule Marekani walikuwa nayo kiasi kwamba daktari aliyehamia hapo mwaka 1901, Frederick McKay, alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta chanzo chake, hadi floraidi ilipogunduliwa kwenye maji mwaka 1931.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu kwangu yalifanya kazi kubwa kuliko jeli yoyote ya kung'arisha meno. Nilipokuwa na jibu la kumpa anayeuliza ("ni maji ya kwetu, ndugu yangu, yana madini"), sehemu kubwa ya aibu iliondoka kabla daktari hajagusa jino hata moja. Anza hapo. Ni bure.

Baada ya hapo, acha kujitibu. Najua unachokifanya usiku bafuni. Mkaa, majivu, ndimu na chumvi, baking soda, zile poda za Instagram zenye picha ya kabla na baada ambazo ni za watu wawili tofauti. Ndimu ni asidi, inakula enameli. Mkaa na majivu vinakwaruza. Enameli yetu tayari ni dhaifu, na ikilika jino linazidi kuwa na rangi, kwa sababu kilicho chini yake ni cha njano kwa asili. Vilevile wapo wanaobandika vifuniko vya meno saluni, kwenye kiti kilekile cha kusukia. Mtu huyo hajui kama una jino bovu chini, na hatakuwepo likianza kuvimba. Daktari wa kinywa na meno Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize kuhusu usajili wake bila kuona haya. Anayekasirika kwa swali hilo amekusaidia kuchagua.

Sasa tiba zenyewe. Ukiingia kliniki zinazojitangaza sana, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni vinia, yale magamba membamba ya kauri yanayogandishwa mbele ya meno. Zinapendeza, sikatai, na kwa meno yaliyomeguka vibaya huenda ndiyo njia inayofaa. Lakini mara nyingi daktari atalazimika kwanza kupunguza jino lako, na jino likishapunguzwa halirudi. Kauri nayo haidumu milele. Ikitunzwa vizuri inaweza kufika miaka kumi au kumi na mitano, kisha inabadilishwa. Ukiziweka na miaka 22, piga hesabu mwenyewe utazilipia mara ngapi, na jino moja tu ni mamia ya maelfu ya shilingi. Krauni, yaani kofia inayofunika jino zima, ni zaidi, kwa sababu jino linachongwa kuzunguka pande zote. Waingereza wengi wameruka hadi Uturuki kufuata bei nafuu, wakarudi na meno mazima yaliyochongwa yakabaki vijiti.

Daktari wangu alianzia chini, na nawashauri mtafute wa aina hiyo. Alisafisha ukoga kwanza. Kisha akanisugua juu juu kwa mchanganyiko wa asidi kidogo na unga laini wa pamisi, unaoondoa tabaka jembamba sana la enameli pamoja na rangi iliyokaa humo. Kwa madoa yasiyoingia ndani hii pekee inaweza kutosha, na ni rahisi kuliko vinia kwa mbali. Baadaye akanitengenezea trei ya plastiki iliyochukuliwa kwa umbo la meno yangu, nikawa naweka jeli ya peroksaidi, dawa ya kung'arisha meno, na kulala nayo. Hapa mjiandae: meno yanapata ganzi, maji ya baridi yanakuwa adui, na siku za mwanzo yale mabaka meupe yanaonekana zaidi kuliko mwanzo. Nusura niache. Yakatulia. Mwisho kabisa, meno manne ya mbele yaliyokuwa na mashimo yakajazwa kwa rizini, aina ya plastiki ngumu ya rangi ya jino. Kazi hiyo alingoja wiki mbili baada ya jeli, kwa sababu kabla ya hapo rizini haishiki vizuri, tena rangi ya jino inakuwa haijatulia. Rizini nayo itahitaji kurekebishwa baada ya miaka kadhaa, lakini meno yangu bado yako chini yake, karibu yote.

Kuhusu rangi: usichague nyeupe ya sinki. Aliniambia nilinganishe na weupe wa macho yangu, nami nawapa kipimo hichohicho.

Haya, kujiamini.

Nilidhani siku nikitoka kliniki nitacheka barabara nzima. Hapana. Nilikuwa na meno mapya na mkono wa zamani. Miaka yote nimecheka nimefunika mdomo, na mkono uliendelea kupanda wenyewe, mwezi baada ya mwezi. Niliuona kwenye video ya send-off ya rafiki yangu: meza nzima inacheka, mimi peke yangu niko nyuma ya kiganja kama ninayepiga chafya. Mdomo wa juu nao nilikuwa nimeuzoesha kushuka ninapoongea, hata maneno hayatoki vizuri. Hakuna daktari wa meno anayetibu hilo. Mimi lilinitoka kanisani. Kule nyumbani nilikuwa naimba kwaya, Dar nilikuwa nimeacha kwa sababu huwezi kuimba sauti ya kwanza mdomo umefungwa. Nikarudi. Kitabu kiko mikononi, mwalimu wa kwaya anapiga kelele "fungueni midomo!", na mkono hauna nafasi ya kupanda. Kama huimbi, tafuta chako: kufundisha watoto, kutangaza mechi ya mtaa, chochote kinachokulazimisha kuufungua mdomo mbele za watu huku mikono ina kazi nyingine.

Hilo ndilo lililobadilika, na si dogo. Napigwa picha. Nacheka kwenye daladala. Nikipokea wateja kazini siwazi watakachoona nikisema karibu.

Lakini kuna mambo niliyokuwa nimeyasukumia meno ambayo hayakuwa ya meno kabisa. Kuongea kwenye kikao cha ofisi, kwa mfano. Nilijiambia miaka yote kwamba nanyamaza kwa sababu ya meno. Meno yakapona, kikao kikaja, na magoti yakatetemeka vilevile. Hapo nikajua kwamba ninaogopa tu kuongea mbele ya mabosi, kama watu wengi wenye meno meupe. Kaka mmoja tuliyeonana kliniki alikuwa na hakika kwamba mchumba wake alimwacha kwa sababu ya meno. Sikumuuliza zaidi, ila moyoni nilijisemea ayatengeneze kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya yule dada. Kabla hujalipa, kaa uandike ni mambo gani hasa unayaacha sasa kwa sababu ya meno. Kupiga picha, kucheka, kula mbele za watu: hayo daktari anaweza kukusaidia. Kupandishwa cheo, kupendwa, kuacha kujilinganisha na wenzako: kwa hayo usimpe hela daktari wa meno.

Na usishangae nyumbani wasipokupigia makofi. Niliporudi kwetu mara ya kwanza, mama alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akauliza, "Mwanangu, kwani yale tuliyokupa yalikuwa yanauma?" Hayakuwa yanauma. Sikuwa na jibu zuri. Meno yake ni ya kahawia iliyokolea, na kicheko chake ndicho kinachosikika hadi kwa jirani wa tatu.

Mdogo wangu naye ana meno kama yangu ya zamani, anauza nguo soko la Tengeru, wala hafuniki mdomo kwa mtu. Nilimwambia nitamlipia yote, nauli ya Dar ikiwemo. Akauliza ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema, "Dada, hiyo si inatosha simtanki na mabati ya kukinga maji?" Ana watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine hata mwaka hajafikisha. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, na hatari ya meno ya mbele kuharibika ni katika miaka ya mwanzo ya utoto. Akivuka miaka minane hivi, enameli ya karibu meno yote imeshajengeka.

Tukanunua tanki. Ya mvua wananywa na kupikia, ya kisima wanafulia na kuogea. Mvua za masika zikikatika mapema tanki halifiki mbali, kwa hiyo wanalibania: kwanza watoto, kisha chakula, watu wazima tunakunywa ya kisima kama kawaida, sisi meno yetu yalishajengeka. Magadi amepunguza jikoni, ingawa mama analalamika kwamba maharage sasa yanakula kuni. Mwenye paa la bati na watoto wadogo, anzia hapo kabla ya kunifuata inbox kuuliza bei ya vinia.