Viza ya matibabu ya India: fomu niliyoijaza mara mbili kwa ajili ya mama

Ndugu yangu wa Ahero, umeuliza kama ni lazima wewe na mzee mfunge safari hadi ubalozini Nairobi kuomba viza ya India, kwa kuwa hospitali ya Chennai imeshamtumia barua na mnataka kuondoka baada ya wiki tatu. Si lazima. Pasipoti ya Kenya inakubaliwa kwenye viza ya mtandaoni ya India, na ombi lote unaweza kulimaliza ukiwa nyumbani. Ila usikimbilie fomu kabla ya kunisoma. Mwaka juzi nilimpeleka mama huko kufanyiwa upasuaji wa vali ya moyo, na fomu hiyo hiyo ilitula pesa na siku ambazo hatukuwa nazo.

Wakati huo nilikuwa kazini Nakuru, mama yuko Kisumu, Nyalenda. Nikamwambia mdogo wangu ampeleke kwenye saiba moja mjini, duka la intaneti, wajaziwe. Kijana wa pale alitafuta kwenye Google, akafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza, una bendera ya India na picha ya Taj Mahal, akajaza haraka haraka huku wateja wengine wakimsubiri. Ule haukuwa ukurasa wa serikali. Ni mawakala wanaochukua maelezo yako, wanayapeleka wao kwenye tovuti halisi, nawe unalipa karibu mara mbili. Hilo tungelimeza. Lililotuumiza ni kwamba kwenye namba ya pasipoti ya mama kulikuwa na sifuri baada ya herufi za mwanzo, naye akaandika herufi O. Tena aliweka barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo majibu yalipokuja yakamfikia yeye, wala hakutuambia mpaka siku ya nne mdogo wangu aliporudi kuuliza.

Viza ilikuwa imetoka. Imetoka kwa pasipoti ambayo haipo duniani. Ukishatuma ombi huwezi kulirekebisha, na ada hairudishwi hata ukinyimwa. Dawa yake ni moja tu, kuomba upya na kulipa upya. Zile zilikuwa pesa za mchango. Kuna mama wa kanisani kwetu anauza omena soko la Jubilee, alileta mia mbili mkononi kwa sababu simu yake haikuwa na chaji. Nilipojua kwamba mia mbili ya yule mama imeishia kwa wakala nilikosa usingizi, na ndiyo maana mpaka leo nikiona mtu anauliza swali hili naacha shughuli zangu namjibu.

Basi tovuti yenyewe ni indianvisaonline.gov.in. Andika kwa mkono wako pale juu, usitafute. Anwani ikiishia kitu kingine chochote badala ya gov.in, funga. Ukiingia utakuta aina kadhaa za viza. Ya mzee ni ile inayoitwa e-Medical, yako wewe ni e-Medical Attendant, yaani msindikizaji wa mgonjwa. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili, si zaidi, kwa hiyo kama kuna dada naye anataka kwenda, kubalianeni nyumbani mapema. Anza na ya mzee, kwa sababu fomu ya msindikizaji itakuuliza habari za mgonjwa unayemfuata. Kila mtu analipa yake. Kuna watu watakushauri uombe ya utalii kwa kuwa inaweza kuwa nafuu. Mimi sikushauri hivyo. Ya matibabu inakupa siku 60 na ruhusa ya kuingia mara tatu, na kila mtu atakayekuhoji njiani akiona barua ya hospitali na viza vinasema jambo moja, anakupisha.

Kabla hujagusa fomu, weka mezani pasipoti ya mzee na barua ya hospitali, uyalinganishe majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo wazazi wetu wanaponaswa. Mama kwenye pasipoti ana majina matatu, lakini faili lake la hospitali ya hapa Kisumu tunayoiita Russia lilikuwa na mawili, na moja ni la marehemu baba. Ripoti zilizotumwa India zikabeba majina ya faili, na barua ya mwaliko ikarudi na majina hayo hayo. Niliwaandikia kitengo cha wagonjwa wa kigeni cha hospitali ile ya India, nikawatumia ukurasa wa pasipoti, na kesho yake walileta barua mpya. Waombe wafuate pasipoti tu, si kitambulisho wala kadi ya kliniki. Halafu angalia tarehe ya mwisho ya pasipoti. Inatakiwa ibaki na angalau miezi sita kuanzia siku mnayofika India, na kurasa mbili tupu za kugongwa mhuri. Kama ya mzee inakaribia kuisha, simamisha mengine yote ushughulikie hiyo kwanza.

Picha nayo ina masharti. Studio zetu za Oginga Odinga Street zimezoea pasipoti saizi, ambayo ni ndefu kuliko upana. India wanataka mraba, upana sawa na urefu, nyuma kweupe, uso mzima, bila miwani. Mwambie mpiga picha hivyo, kisha akutumie faili lenyewe la JPEG, usipige picha ya karatasi kwa simu. Faili hilo lisizidi megabaiti moja. Ukurasa wa pasipoti wenye picha unapakiwa kama PDF isiyozidi kilobaiti 300, na skana nyingi za saiba hutoa faili kubwa kuliko hapo, kwa hiyo omba wakupunguzie ukiwa bado pale pale.

Sasa maswali. Mengi ni mepesi, lakini kuna yanayomshtua mtu. Wataulizia dini, alama inayoonekana mwilini, majina ya baba na mama wa mgonjwa na walikozaliwa, hata kama wamekufa zamani, na kama wazazi au babu na bibi wana asili ya Pakistan. Wataulizia nchi alizotembelea miaka kumi iliyopita. Mama alikuwa amevuka Busia kwenda mazishi Uganda, na nusura tuache kuandika kwa sababu sisi huku hatuhesabu Uganda kuwa safari. Andika. Wataulizia pia mtu wa kumrejelea India, hapo unaweka hospitali, na mtu wa kumrejelea Kenya. Maswali haya mjibu mkiwa pamoja na mzee, yeye ameketi kando yako. Mama ndiye aliyenisahihisha mahali alikozaliwa bibi. Mimi nilikuwa nimekosea maisha yangu yote.

Fomu itakupa namba ya muda mapema kabisa. Iandike kwenye daftari, kwa sababu mtandao ukikatika utarudi kwa namba hiyo uendelee ulipoachia. Barua pepe iwe yako, unayoifungua kila siku, kwa sababu wakitaka kitu cha ziada wanaandika huko. Uwanja wa ndege wa kuingilia ni ule mtakaoteremka kwanza na kugongewa pasipoti. Sisi tulikuwa tunaenda Chennai lakini tulishukia Mumbai, kwa hiyo tuliandika Mumbai. Malipo mimi nilifanya kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyo kwenye programu ya M-Pesa. Weka zaidi ya ada kidogo, kwa sababu benki huongeza yake juu.

Wanataka ombi liingie angalau siku nne kabla ya kufika, na unaweza kuomba mapema hadi siku 120 kabla. Ombi letu la pili lilijibiwa siku ya tatu. Usiridhike na ujumbe wa barua pepe peke yake. Rudi kwenye tovuti ukaangalie hali ya ombi, lisome Granted, yaani limekubaliwa, kisha soma tena namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa kwenye ile karatasi ya idhini. Chapisha nakala mbili, moja ikae na mzee na moja na wewe.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye fomu na linazuia watu kuliko viza. Kenya imo kwenye nchi zenye homa ya manjano, na India wanadai kadi ya manjano ya chanjo hiyo. Lazima sindano iwe imepita siku 10 kabla ya kufika, la sivyo wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita, na hebu fikiria mgonjwa akae huko. Wewe pia unachanjwa, si mzee peke yake. Kama mzee amepita miaka 60, daktari wake aulizwe kwanza, kwa sababu chanjo hii kwa wazee hutolewa kwa uangalifu. Mama alikuwa na 63, na daktari alimpima kabla ya kuruhusu. Ukishaipata kadi, itunze, ni ya maisha.

Mkishuka India watawachukua alama za vidole. Vidole vya mama vimelima tangu akiwa msichana, na mashine ilikataa mara tatu. Afisa alimpa kitambaa chenye maji apanguse, akamwambia abonyeze polepole, ikasoma. Kama mzee ni wa jembe, mpe mafuta ya mikono kuanzia wiki hii.

Kwa wiki tatu ulizo nazo, daktari na chanjo ni kesho, barua ya hospitali mlinganishe majina kesho hiyo hiyo jioni, picha keshokutwa, ombi la mzee liingie kabla ya Jumapili na lako liandamane nalo. Ukikwama kwenye kupakia picha, niandikie hapa, baada ya saa mbili usiku huwa nipo.