Jibu: Katuni ya mbwa anayelia akiwa na biskuti mgongoni
Ndugu, katuni unayoiulizia, ya mbwa mkubwa anayelia huku amebeba mgongoni biskuti yenye umbo la paka, ni Feed the Kitty, iliyoongozwa na Chuck Jones na kutolewa na Warner Bros. ya Marekani mwaka 1952. Mbwa Marc Antony anambwekea paka mdogo, Pussyfoot, ili amtishe, lakini paka anampanda mgongoni, anayakandakanda manyoya yake kwa kucha huku mbwa akikunja uso kwa maumivu, kisha analala. Baadaye mbwa anaamini kwamba rafiki yake amekandwa pamoja na unga na kuokwa, kumbe yu hai. Kwangu mimi, hakuna katuni ya zama zile iliyochora majonzi kwa ukweli kiasi hicho. Mama mwenye nyumba, aliyemkataza kuingiza kitu kingine chochote ndani, hatimaye anakubali paka abaki.