Someni waraka kwanza: kwa mnaoanza kuandika habari za Marekani kwa kujitegemea

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuchambua siasa, uchumi na teknolojia ya Marekani bila kuajiriwa na gazeti wala televisheni, kabla ya kutafuta wafuasi jengeni mazoea ya kusoma waraka wenyewe. Mengi tunayobishania usiku kucha yamewekwa wazi na serikali yao, bure, na mwenye simu na bando anaweza kuyafungua. Mwandishi wa kujitegemea hana mhariri wa kumzuia wala ofisi Washington. Alichonacho ni muda wa kusoma, na kwa huo ataaminiwa.

Chukueni ripoti ya ajira. Ofisi ya Takwimu za Kazi huitoa kila mwezi, mara nyingi Ijumaa ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi ya Washington. Kwetu Nairobi na Dar es Salaam huwa ni saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wao wakisharudisha saa nyuma. Dakika moja baadaye mitandao imejaa namba moja tu, ya nafasi za kazi zilizoongezeka. Msikimbilie kuandika. Ndani ya ripoti ile mna tafiti mbili. Moja huwauliza waajiri wana watu wangapi kwenye orodha ya mishahara. Nyingine huuliza kaya zipatazo 60,000 nani ana kazi na nani anaitafuta. Idadi ya nafasi hutoka kwa waajiri, kiwango cha ukosefu wa ajira hutoka kwenye kaya. Mtu mwenye kazi mbili huhesabiwa mara mbili kule na mara moja huku. Kwa hiyo namba hizo zikivutana, haina maana kwamba kuna aliyedanganya.

Kisha shukeni hadi aya ya marekebisho, ambayo wengi hawafiki. Waajiri wengine huchelewa kujibu, hivyo namba ya kwanza hurekebishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata. Tarehe 1 Agosti 2025 aya hiyo ilipunguza jumla ya nafasi 258,000 kwenye hesabu za Mei na Juni. Siku hiyohiyo Rais Donald Trump akamfuta kazi mkuu wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer, akidai namba zimechezewa, bila kutoa ushahidi. Aliyezoea kusoma aya ile alijua aanzie wapi: marekebisho yalikuwa makubwa kuliko kawaida, lakini utaratibu wenyewe ni wa miaka mingi, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Agosti 2024, Joe Biden akiwa bado madarakani, makadirio ya awali ya marekebisho ya mwaka mzima, tofauti na haya ya kila mwezi, yalikuwa yamepunguza nafasi 818,000. Ukiiweka mifano hiyo miwili pamoja, hata msomaji anayekuchukia kisiasa atasoma hadi mwisho.

Kwenye siasa, ulizeni kwanza jambo limefika hatua gani. Mbunge kutangaza muswada ni habari ndogo. Maelfu huwasilishwa kila muhula na michache sana huwa sheria. Muswada unaweza kupita Baraza la Wawakilishi lenye viti 435 ukafia Seneti, ambako mengi huhitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Amri ya rais huanza kazi haraka, lakini jaji anaweza kuisimamisha na rais ajaye akaifuta. Sheria ya kuilazimisha TikTok iuzwe au ifungiwe ilisainiwa na Biden tarehe 24 Aprili 2024, Mahakama ya Juu ikaiidhinisha tarehe 17 Januari 2025, na siku tatu baadaye Trump, mara tu alipoapishwa, akaamuru isitekelezwe kwa siku 75. Walioizika TikTok tarehe 17 waliandika kana kwamba hatua ile ndiyo ya mwisho.

Teknolojia ina ushabiki wa kupindukia, na hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza, kwa sababu tangazo la kampuni huja limeshaandikwa vizuri. Liacheni, mfungue ripoti ya mwaka ambayo kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa hulazimika kuiwasilisha kwa SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Mna sehemu ya hatari, ambamo kampuni hueleza yenyewe yale ambayo mkurugenzi hayagusi jukwaani. Hukumu za mahakama zina utajiri zaidi. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ukiritimba kwenye utafutaji wa mtandaoni. Kesi hiyo ndiyo iliyofichua kuwa mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini ya utafutaji unayoikuta tayari kwenye simu na vivinjari.

Mtaulizwa haya yanatuhusu nini. Msilazimishe uhusiano; ukiwepo, uonyesheni kwa namba. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mnamo Julai 2023. Wenye fedha wakapata faida nzuri bila kutoka kwao, na nchi zinazokopa kwa dola zikabanwa. Kenya ilikuwa na hati fungani ya dola bilioni 2, yenye riba ya asilimia 6.875, ya kulipwa Juni 2024. Februari mwaka huo ikakopa upya dola bilioni 1.5, kwa gharama inayozidi asilimia 10, ili ipunguze deni hilo.

Kuhusu fedha zenu wenyewe nasema kwa ukali: msimiliki hisa za kampuni mnazoziandika, na anayemiliki aseme juu kabisa ya makala. Wabunge wa Marekani wanabanwa na sheria ya 2012 kutangaza biashara zao za hisa ndani ya siku 45. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, ndiyo maana tujibane wenyewe.

Anayeanza wiki hii achague eneo moja. Kama ni riba, kamati ya Benki Kuu ya Marekani inayoipanga hukutana mara nane kwa mwaka na tarehe hutangazwa mapema. Soma tamko la mkutano uliopita, liweke kando ya lililotangulia, na andika ni maneno gani yamebadilika.