Barua kwa mwanangu: kuhusu gari, kabla hamjahamia Puerto Vallarta

Mwanangu mpenzi,

Barua yako tumeipata na tumeisoma pamoja, mimi na baba yako, ambaye anakusalimu wewe, mkwe wetu na mjukuu. Umeuliza kama mje na gari lenu kutoka Houston mkiliendesha hadi huku Puerto Vallarta, au mliuze huko na kununua jingine hapa, au mkae bila gari kabisa. Umeongeza kwamba rafiki yenu anayeishi Todos Santos amewaambia kuwa pwani ya Meksiko haikaliki bila gari, na kwamba maneno yake yamewatia hofu kwa kuwa mna mtoto mdogo. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linabeba fedha nyingi, na watu wengi huliamua kabla hawajajua watalala mtaa gani.

Rai yangu ni kwamba msije na gari, wala msinunue gari mwaka wa kwanza, ilimradi mpange nyumba mahali ambapo miguu na basi vinatosha. Nyumba ndiyo itakayoamua. Umenitajia tatu mnazozifikiria, ya Versalles, ya Conchas Chinas na ya La Cruz de Huanacaxtle, na ingawa zote ziko kwenye ghuba moja ya Banderas, kila moja ina jibu lake.

Versalles ni mtaa tambarare. Maduka, famasi, migahawa na vibanda vya matunda viko umbali wa kutembea huku unasukuma kigari cha mtoto, na ukifika barabara kuu ya Francisco Medina Ascencio unapata mabasi ya kwenda katikati ya mji na ya kwenda uwanja wa ndege, ambayo nauli yake ni sarafu chache za peso. Hospitali za binafsi haziko mbali, na teksi za simu kama Uber hupatikana bila shida. Hapo gari litakuwa limeegeshwa tu, likingoja Jumapili.

Conchas Chinas ni kilimani upande wa kusini, na mandhari yake nakubali kwamba ni nzuri kupita kiasi. Basi la kwenda Mismaloya na Boca de Tomatlán hupita chini, kwenye barabara nambari 200, lakini kutoka kituoni hadi mlangoni ni mwinuko wa mawe na ngazi, na sijui ni mama gani atakayeupanda adhuhuri ya Agosti akiwa na mtoto mkono mmoja na mfuko wa vyakula mkono wa pili. Nyumba ile ikiwashinda nguvu kwa uzuri wake, basi hesabuni gari au gharama ya teksi kila siku kama sehemu ya kodi ya nyumba, kisha mlinganishe upya.

La Cruz iko zaidi ya kilomita 20 kaskazini, ng'ambo ya Mto Ameca, katika jimbo la Nayarit. Ndani ya kijiji chenyewe mtatembea kwa raha, na mabasi madogo yanapita yakielekea Bucerías na Vallarta mchana kutwa. Shida ni usiku, na shida ni kila jambo linalohitaji mji mkubwa: daktari bingwa, ofisi, shule mtakayoitaka baadaye. Kuanzia Desemba hadi Machi, wageni wanapojaa, foleni ya barabara ile huchosha mwenye gari na asiye na gari vilevile. Kwa La Cruz ningekubali gari, ila si mwezi wenu wa kwanza huku.

Rafiki yenu hakusema uongo. Todos Santos iko Baja California Sur, katika nchi kavu ya jangwa, karibu kilomita 80 kutoka La Paz, na nyumba nyingi za wageni ziko nje ya mji, mwisho wa njia za vumbi. Mimi mwenyewe, kama ningeishi huko, ningekuwa na gari. Hata alivyowaambia kwamba hakuhitaji kibali cha kuingiza gari lenye namba za Marekani ni kweli, kwa sababu rasi yote ya Baja imo katika eneo ambalo serikali imelisamehe kibali hicho, kama ilivyo Quintana Roo upande wa Karibi. Jalisco, jimbo letu la Puerto Vallarta, haimo. Kwa hiyo msichukue uzoefu wake mkauhamishia huku, kwa upande wa barabara wala kwa upande wa sheria. Playa del Carmen, kule Quintana Roo, ambako mkwe wetu alikuwa anapataka mwanzoni, ni hali nyingine tena: mji unatembeleka, vigari vya abiria wanavyoviita colectivo hukimbia siku nzima kati ya Cancún, Playa na Tulum, na mabasi ya ADO ni mazuri. Teksi za simu ndizo zenye utata huko. Mwezi Januari 2023 ugomvi wa madereva wa teksi na wa Uber pale Cancún ulifikia hatua ya barabara ya mahoteli kufungwa.

Sasa kuhusu kuja na gari lenu. Mkivuka mpaka mtatakiwa kuchukua kibali cha muda kutoka Banjercito, ambayo ni benki ya jeshi, na kwa gari la toleo la 2007 au la baadaye mtaweka dhamana ya dola 400, itakayorudishwa siku mtakapolitoa gari nchini na kukifuta kibali hapo hapo mpakani. Msipokifuta, dhamana inapotea, na jina la mwenye gari linabaki limefungwa, asiweze kuchukua kibali kingine. Mkiwa na ukaazi wa muda, kibali hudumu pamoja na ukaazi wenu, lakini kila mnapouhuisha mnatakiwa kuwaarifu watu wa forodha. Mkipata ukaazi wa kudumu, haki ya kuwa na gari lile inakwisha, na hamna ruhusa ya kumwuzia mtu hapa. Ni kulirudisha Marekani. Jirani yetu mmoja alifika hatua hiyo, na akalazimika kuendesha kurudi hadi Texas kwa ajili ya gari ambalo thamani yake haikulingana na safari. Tena Mmeksiko haruhusiwi kuliendesha msipokuwemo ndani, kwa hiyo hata fundi hawezi kulichukua mlangoni na kulirudisha jioni. Bima yenu ya Houston nayo haitambuliki huku. Ni lazima mnunue ya Meksiko.

Gari lenyewe litateseka. Wewe umekulia Tanga, unajua chumvi ya bahari inavyokula bati, na hapa ni hivyo hivyo: kutu huanza chini ya milango, ikahamia kwenye bomba la moshi na vifungo vya breki. Mitaa ya zamani imetandikwa mawe ya mviringo ya mtoni, na mawe hayo humaliza shokapu na bushi mapema. Matuta yako kila mahali, mengine hayana rangi wala kibao. Mvua za Juni hadi Oktoba zinaposhuka kutoka milimani, barabara za mteremko hugeuka mito kwa saa moja au mbili. Kimbunga Nora kilipopita Agosti 2021, Mto Cuale ulifurika na kubomoa sehemu ya daraja katikati ya mji. Mwenye gari katika maegesho ya chini ya jengo hulala na wasiwasi msimu wote.

Na kuendesha hapa kuna taratibu zake, ingawa upande wa barabara ni ule ule mliouzoea Marekani. Katika barabara kuu ya Vallarta, aliye katikati hakati kushoto; anatoka kwanza kwenda njia ya pembeni, upande wa kulia, anangoja taa yenye mshale, kisha anakata kushoto mbele ya magari yote. Mgeni akikata kutoka katikati, anagongwa. Kwenye barabara nambari 200, lori lililo mbele yako likiwasha taa ya kushoto, huenda dereva anakwambia njia iko wazi, upite. Huenda pia anakata kushoto kweli, na hakuna kitu cha kukusaidia kutofautisha isipokuwa subira. Ajali ikitokea, unapiga simu kwa kampuni ya bima ukiwa pale pale, na magari hayasogezwi mpaka afike mtu wao wanayemwita ajustador, ambaye atapiga picha na kukubaliana na mwenzake wa upande wa pili. Asiye na bima anaweza kuzuiliwa mpaka ijulikane nani mwenye kosa. Usiku msisafiri nje ya mji. Ng'ombe hulala juu ya lami.

Najua hofu yako kubwa ni maisha ya kila siku, utabebaje hiki na kile. Maji ya kunywa, ambayo ndiyo mzigo mzito kuliko yote, huletwa. Kijana hupita na pikapu mtaani akiita, ukimjibu dirishani anapanda ngazi na mtungi wa lita 20 begani, anautua jikoni, anafuta mdomo wa mtungi, anapokea pesa na kuondoka na mtungi mtupu. Gesi vilevile huja kwa gari lake. Mboga, samaki na chapati za mahindi za moto unanunua kidogo kidogo, kila siku au siku mbili, kama bibi yako alivyonunua. Ukiwa na manunuzi makubwa, nenda kwa basi na urudi kwa teksi. Kwa ajili ya mtoto, bebeni kiti chake cha gari kutoka Houston, kwa kuwa teksi za hapa hazina. Ni mzigo pekee unaohusu gari ambao nawasihi msiuache.

Sitakuficha linalouma. Kuanzia Julai hadi Septemba joto na unyevu ni vikali, si kila basi lina kiyoyozi, na mtoto mdogo huchoka haraka. Miezi hiyo mtatumia teksi zaidi, nanyi mtenge fedha zake mapema. Mtoto akiugua usiku wa manane, teksi inakuja, lakini dakika za kuingoja ni ndefu kwa mzazi. Kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana napenda Versalles, kwa ukaribu wa hospitali kuliko kwa migahawa yake.

Mkitaka kwenda San Sebastián del Oeste kule milimani, au fukwe za kaskazini, kodini gari kwa siku mbili. Bei ndogo mtakayoiona kwenye intaneti mara nyingi haina ndani yake bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo ni ya lazima na huongezwa mezani, kwa hiyo ulizeni jumla kabla ya kulipa. Yelapa gari halitawasaidia. Watu huenda kwa boti kutoka gati ya Los Muertos au Boca de Tomatlán.

Mkishaishi hapa msimu mzima wa mvua na mkaona mnahitaji gari, nunueni lenye namba za Jalisco. Mwuzaji awaoneshe factura halisi, yaani hati ya umiliki ya tangu gari likiwa jipya, ikiwa na sahihi za kila aliyelimiliki bila pengo, na namba ya gari ikaguliwe katika daftari la REPUVE kujua kama liliibwa. Baba yako amesema ataandamana na mkwe wetu siku hiyo, na fundi wetu pia.

Kwa hiyo liuzeni la Houston, ila msitie sahihi ya nyumba bado. Nitumie anwani kamili ya ile ya Versalles na ile ya La Cruz. Nitakwenda mwenyewe, kwanza mchana na kisha baada ya saa tatu usiku, nione basi la mwisho linapita saa ngapi, kituo kiko umbali gani, na njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni ina taa au haina, nikuandikie kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama yako