Maswali ya Wasomaji: Visiwa vya Bahari Kuu na Panya Waliokuja na Meli

Barua nyingi mwezi huu zimehusu visiwa vilivyo peke yake baharini, vile ambavyo meli huvifikia mara chache kwa mwaka. Tumechagua sita.

SWALI: Kisiwa cha volkano huanza kikiwa mwamba mtupu. Kobe na mijusi hufikaje huko? Na mbona chura hakuna?

JIBU: Hufika kwa upepo, kwa mawimbi na kwa ndege. Mbegu hunasa kwenye manyoya ya ndege au kwenye tope la miguuni, nyingine husafiri tumboni. Buibui wachanga hutoa uzi na kupeperushwa nao. Surtsey, kisiwa kilichozuka kusini mwa Iceland mwaka 1963, kilipata mmea wake wa kwanza wa maua mwaka 1965, kutokana na mbegu iliyoelea hadi ufukweni.

Kobe ni msafiri hodari kuliko anavyoonekana. Anaelea, na anavumilia wiki nyingi bila chakula wala maji matamu. Desemba 2004 kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli, aliibuka kutoka baharini huko Kimbiji, pwani ya Tanzania. Miguu yake ilikuwa imegandiwa na vile viumbe vyenye magamba magumu vinavyoota chini ya vyombo, na ukubwa wao ulionyesha kwamba alikuwa majini kwa wiki sita hivi au zaidi. Aldabra iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo mzima kisiwani.

Chura hana bahati hiyo. Ngozi yake hupitisha maji, kwa hiyo maji ya chumvi humkausha upesi. Mamalia wa nchi kavu naye anahitaji kula na kunywa mara kwa mara, na juu ya gogo linaloelea hakuna cha kula wala cha kunywa. Ndiyo maana kwenye visiwa hivi utakuta ndege tele, mijusi, pengine popo na sili, na basi.

SWALI: Kwa nini ndege wengi wa visiwani wameacha kuruka?

JIBU: Misuli ya kurukia hula chakula kingi. Pasipo na adui wa kukimbia, anayezaliwa na mabawa madogo hapotezi kitu, na nguvu aliyookoa huiweka kwenye mayai. Huko Aldabra jambo hili limetokea mara mbili: mabaki ya mifupa yanaonyesha kwamba kisiwa kilizama miaka 136,000 hivi iliyopita, ndege wasioruka wakaangamia, kisha jamaa zao wenye kuruka walikuja tena na uzao wao ukaacha kuruka upya. Mdogo kuliko wote wasioruka duniani yuko kisiwa cha Inaccessible, Atlantiki ya Kusini. Uzito wake ni gramu 40 hivi.

SWALI: Nimesoma kwamba panya wa kisiwa cha Gough, Atlantiki ya Kusini, hula vifaranga wa albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini, wakiwa hai. Inawezekanaje? Na kwa nini wasitegwe tu?

JIBU: Ni kweli, na ni panya wale wadogo wa majumbani, walioletwa na meli za wawinda sili katika karne ya 19. Kifaranga anaweza kufika kilo 10 na panya hafiki gramu 50. Lakini kifaranga hukaa kiotani miezi mingi, mara nyingi peke yake wazazi wakiwa baharini, na ukoo wake haujawahi kukutana na adui wa nchi kavu. Usiku panya humpanda na kumguguna kiunoni mpaka ngozi ifunguke. Usiku unaofuata hurudi palepale, wakiwa wengi zaidi. Kifaranga hujitikisa kidogo, hadonoi, hasogei. Hufa kwa kidonda baada ya siku kadhaa. Albatrosi wa Tristan, ambao karibu wote huzalia Gough, hutaga yai moja tu, na jozi iliyolea kifaranga hutaga tena baada ya miaka miwili. Pengo la namna hiyo halizibiki upesi.

Kuhusu mitego: mimba ya panya ni siku 20 hivi, na watoto huanza kuzaa wakiwa na miezi miwili. Ukiua asilimia 99, waliobaki wana chakula cha kumwaga, na kwa muda mfupi utarudi ulipoanzia. Kwenye kazi hii unamaliza wote au hujafanya kitu.

Njia inayotumika kwenye visiwa vikubwa ni chambo cha punje za nafaka zenye brodifakumu, sumu inayozuia damu kuganda. Faida yake ni kuchelewa. Panya huugua siku kadhaa baada ya kula, kwa hiyo hahusishi chakula kile na maradhi, na wenzake hawashtuki. Helikopta hubeba ndoo yenye sahani inayozunguka kwa chini na kumwaga chambo kwa mistari inayopandana, rubani akifuata ramani ya setilaiti. Miamba iliyosimama wima hupitiwa tena na tena, maana eneo lake halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Majira yake ni ya baridi: chakula kimepungua, panya hawazai sana, na ndege wengi wameondoka. Baada ya wiki mbili au zaidi chambo humwagwa mara ya pili, kwa ajili ya watoto waliokuwa bado wananyonya shimoni mara ya kwanza.

Kisha ni kungoja, kwa kawaida miaka miwili, huku vibao vyenye nta iliyochanganywa na siagi ya karanga vikiachwa kila mahali ili panya aliyebaki aache alama za meno. Mbwa wa kunusa hupita pia. South Georgia, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, ilimwagiwa chambo kwa awamu kati ya 2011 na 2015, ikatangazwa kuwa haina panya mwaka 2018. Barafu ilisaidia: mito ya barafu iliyofika baharini ilikikata kisiwa vipande ambavyo panya hawakuweza kuvuka. Mito hiyo inarudi nyuma kwa joto, ndiyo sababu kazi ile haikuweza kusubiri.

Mahali pengine imeshindikana. Henderson, kisiwa cha Pasifiki, ilimwagiwa chambo mwaka 2011 na panya wachache wakasalimika. Gough ilijaribiwa mwaka 2021, na Desemba mwaka huohuo panya akaonekana. Kwenye visiwa vya joto kaa wa nchi kavu hula chambo bila kudhurika, na matunda mengi humfanya panya akidharau. Mvua nayo hukiyeyusha. Kuna hasara nyingine ambayo haifai kufichwa: ndege wanaokula mizoga hufa pia. Kisiwani Macquarie walikufa zaidi ya 2,000. Sisi tunaona bei hiyo inastahili kulipwa, kwa sababu ndege wale huongezeka tena, lakini jamii iliyokwisha hairudi.

Na faida haiishii nchi kavu. Katika visiwa vya Chagos, miamba ya matumbawe iliyo karibu na visiwa visivyo na panya ilikutwa na uzito wa samaki uliozidi kwa asilimia 48 ule wa miamba ya visiwa vyenye panya. Ndege huleta rutuba kutoka bahari kuu kwa kinyesi chao, mvua huiteremsha, na mwani na samaki huitumia. Panya akila mayai, rutuba hiyo hukatika.

SWALI: Je, ni kweli watu wa Tristan da Cunha, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, huugua mafua meli inapofika tu?

JIBU: Ni kweli, na lilichunguzwa katika miaka ya 1960. Kisiwa kina watu wasiofika 300, hakina uwanja wa ndege, na meli kutoka Cape Town huchukua takriban wiki moja. Kirusi cha mafua huhitaji watu wapya kila mara. Kikishawapitia wote, hukosa pa kwenda na kutoweka, hadi meli nyingine ilete kingine.

SWALI: Kwenye kisiwa cha matumbawe kisicho na mto watu hunywa nini?

JIBU: Mvua, na maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mchanga. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 za mvua hutoa lita 500. Hesabu 400, maana nyingine hurukia nje au hukauka. Lita 50 za kwanza zimwage, zimebeba kinyesi cha ndege na vumbi.

Kisima kiwe kipana na kifupi, kiishie sentimita 30 hivi chini ya uso wa maji. Kosa la kawaida ni kuchimba zaidi maji yanapopungua. Kila unapoushusha uso wa maji matamu kwa sentimita moja, chumvi hupanda kwa chini hadi sentimita 40. Ni bora visima vinne vinavyotekwa polepole kuliko kimoja chenye pampu kubwa. Mawimbi ya dhoruba yakikifunika kisima, toa takataka na uache mvua isukume chumvi chini. Kupampu kwa nguvu huvuta chumvi nyingine juu. Inaweza kuchukua miezi mingi.

SWALI: Nimepata nafasi kwenye meli ya utafiti itakayotia nanga South Georgia. Nijiandae vipi nisipeleke uharibifu?

JIBU: Anza nyumbani, si melini. Pindua mifuko yote ya nguo na begi, ivute kwa mashine ya kufyonza vumbi, pembe kwa pembe. Kwenye Velcro, vile vifungo vya kunatana, chomoa mbegu moja moja kwa kibanio. Hapo ndipo zinaponasa zaidi. Buti zitoe tope kwenye kila mfereji wa soli kwa msumari, uzisugue kwa brashi na maji, kisha uzitie dawa ya kuua vijidudu kabla ya kila kushuka kisiwani na baada yake. Tangu homa ya ndege ifike huko Oktoba 2023, usikae chini, usipige magoti wala kuweka begi ardhini karibu na wanyama.

Usiku funga mapazia ya chumba chako. Taa huwavuta ndege wa baharini, nao hugonga meli, hasa kukiwa na ukungu. Ukimkuta mmoja sitahani usimguse kwa mikono mitupu. Mwite mhudumu mwenye glavu, awekwe kwenye boksi kavu lenye matundu, gizani, bila chakula wala maji. Manyoya yakikauka, aachiwe upande usio na taa.