Harusi imebaki wiki saba, karatasi za talaka za mchumba wangu "zitatoka tu"

Msomaji wangu ananiandikia hivi, nimeifupisha kidogo: "Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, naolewa wiki saba zijazo. Ukumbi tumeshalipia advansi, kadi ziko kwa mchapaji, gauni nimeshapima mara mbili. Mchumba wangu aliwahi kufunga ndoa ya mke mmoja, wameachana miaka minne sasa, ila kila nikimuuliza karatasi za talaka ananiambia zitatoka tu, tufunge kwanza, mambo ya serikali yatafuata. Halafu tunafungia nchi anakofanya kazi, sio kwetu. Naogopa kuuliza sana asije akaona simwamini. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili na kilichonikaba sio ukumbi wala kadi, ni hilo neno "zitatoka tu". Kuachana na kutalikiana ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anaweza akawa amehama nyumba miaka minne, hata ishirini, hawasalimiani, kila mtu na maisha yake, lakini kama ile ndoa ilisajiliwa na haijavunjwa kisheria basi bado ni mume wa mtu, na ukisimama naye mbele ya msajili unafunga ndoa isiyokuwepo. Na ataulizwa, tena atasaini kwamba yuko huru kuoa, na kusaini uongo hapo ni kosa la jinai nchi nyingi. Najua kuna nchi mume anaruhusiwa wake zaidi ya mmoja, Tanzania na Kenya zimo, ila hata huko aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuongeza wa pili wakati ndoa ile bado ipo.

Kwa hiyo usimuulize "mmeachana kweli?" maana hilo atakujibu ndiyo na hatakuwa anakudanganya. Muulize kesi ilifunguliwa mahakama gani, ina namba gani, na amri ya mwisho ya talaka imetoka lini. Nasema ya mwisho kwa sababu kuna sehemu mahakama inatoa amri mbili. England kwa mfano inatoka kwanza ya masharti, halafu lazima zipite wiki 6 na siku 1 ndo mtu anaruhusiwa kuomba ile ya mwisho, na watu wengi wanaishika ile ya kwanza wanadhani wamemaliza. Hiyo ni siku 43. Wewe una siku 49.

Na hapo bado hatujagusa notisi. Nchi nyingi huwezi kuamka tu ukafunga ndoa, lazima mtoe taarifa kwa msajili mapema ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kuliweka. Tanzania na Kenya ni siku 21 kabla, England ni siku 28 kamili na kabla ya hapo lazima muwe mmeshakaa kwenye eneo hilo angalau siku 7, na kama mmoja wenu ni mgeni wanaweza kusogeza hadi siku 70. Ufaransa tangazo linabandikwa ofisi ya meya siku 10, na huko ndoa ya kanisani au msikitini peke yake haihesabiki, lazima mpite kwa meya kwanza. New York wao ni rahisi, ukishachukua leseni unasubiri saa 24 tu, lakini leseni yenyewe inaisha baada ya siku 60. Hujaniambia mnafungia wapi, ndo maana nakutajia hizi zote, uone kwamba tarehe ya harusi haipangwi na mwenye ukumbi, inapangwa na msajili wa hukohuko mtakakofungia. Mpigie wiki hii, sio mchumba akupigie, piga mwenyewe, uandike anachokwambia.

Kwa kuwa wewe unatoka nje wanaweza kukuomba karatasi ya kuthibitisha huna kizuizi cha kuolewa, hiyo inatolewa na nchi yako na inachukua muda. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutakiwa kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika na kigongwe mhuri wa kuthibitisha kwamba ni halali, hati ya talaka yake vilevile. Angalia sana majina, nimeona watu wanakwama kwa herufi moja tu, kwenye pasipoti hivi, kwenye cheti cha kuzaliwa vile. Kama yanatofautiana nenda kaape kiapo kwa wakili sasa hivi, usisubiri uambiwe dirishani.

Mambo ya ukumbi ni mepesi. Soma mkataba uone kama tarehe inaweza kusogezwa bila kupoteza advansi, waombe wakuandikie. Kadi mwambie mchapaji asimame kabisa. Najua inauma, na ndugu watauliza, waambie karatasi hazijakamilika, huo ni ukweli na wala sio aibu.

Sasa hilo la kuogopa kuonekana humwamini. Mwanangu, mwanaume anayekutaka uwe mke wake hawezi kuudhika ukitaka kuona kwamba kweli utakuwa mke wake. Inawezekana hana ubaya wowote, labda kesi ilimchosha akaiacha njiani, hilo linatengenezeka, mkae chini mtafute wakili muimalize pamoja. Ila akigoma hata kukutajia mahakama, usipande ndege.

Na siku ikifika, iwe ni hiyo mliyopanga au ya mbele, chagueni mashahidi wawili watu wazima wenye vitambulisho mkononi, na mpe mtu mmoja makini kazi moja tu, asiwaache mwende kwenye picha kabla daftari halijasainiwa na nyie, mashahidi na mfungishaji. Muombe mfungishaji mapema akuonyeshe kibali chake cha kufungisha ndoa. Cheti kikitoka chukua nakala mbili zilizothibitishwa, moja ikae kwako, sio kwa mume, sio kwa mama mkwe.