Walvis Bay si mchanga tu: mambo ya kuona mkisubiri kontena

Yaya, dada yangu, nimesoma swali lako. Mnashuka Walvis Bay, bandari ya Namibia, na mumeo na mtoto wa miaka tisa kupokea kontena, mna gari yenu ndogo, mtakuwa na siku nne au tano za kungoja karatasi, na unauliza kama kuna cha kuona. Halafu nimesoma majibu mawili yaliyotangulia, yote yakisema "ni mchanga na upepo, kaeni hotelini." Yameniuma. Sisi watu wa Lubumbashi ndio tunaoijua ile njia: Kasumbalesa, Lusaka, Livingstone, daraja la Sesheke, Katima Mulilo, Rundu, mpaka baharini. Malori ya kwetu hayakosekani pale. Lakini wengi wetu tunaona bandari, ofisi ya wakala na kitanda, basi, tunageuza. Kuna watu wanaweka pesa mwaka mzima huko Ulaya ili waje waone kitu ambacho sisi tunakipa mgongo.

Mimi nimepitisha mizigo huko kwa miaka kadhaa, na siku za kungoja nilizitumia kutembea. Haya ndiyo ningempeleka ndugu yangu wa tumbo moja akayaone.

Kwanza ujue mnaingia mahali pa namna gani. Bahari ile ni ya baridi. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, hewa ikipita juu yake inapoa, na badala ya mvua inazaa ukungu. Kwa kawaida mvua ya mwaka mzima pale haifiki hata milimita 25. Sisi Lubum tunapata kama 1,200. Kwa hiyo mimea na wadudu wa jangwa lile wanaishi kwa ukungu. Mkiamka mkakuta nje kijivu kitupu, msirudi kulala, hiyo ndiyo saa yenyewe. Kwenye saa nne, saa tano, mara nyingi jua limeshatoka. Na sweta mbebe hata kama mnaenda Desemba. Watu wetu wanasikia "jangwa" wanafunga nguo za joto tu, halafu wanatetemeka ufukweni.

Kama pesa inatosha jambo moja tu la kulipia, chukueni asubuhi moja ya jangwa na mwongozaji, kutoka Swakopmund. Ni zaidi kidogo ya kilomita 30 kaskazini ya Walvis Bay, lami nzuri, bahari mkono mmoja, matuta ya mchanga mkono wa pili. Mkiulizia ziara ya viumbe wa jangwani, kila mtu hapo anajua. Mwongozaji niliyekwenda naye alisimamisha gari mahali ambapo mimi sikuona chochote. Akapiga magoti, akafuata kwa kidole michirizi mifupi iliyolala mshazari, mmoja baada ya mwingine, akasema nyoka amepita hapa usiku. Mwisho wa michirizi kulikuwa na mchanga mtupu. Akatuambia tuangalie tena. Ndipo nikaona macho mawili, madogo kama punje za uwele, yametokeza juu ya mchanga. Ni nyoka mdogo wa sumu, macho yake yako juu kabisa ya kichwa, anajizika mwili wote na kungoja mjusi apite. Nilikuwa nimesimama karibu sana naye, na bila yule mwongozaji nisingemwona kamwe.

Kuna mjusi mwenye ngozi inayopitisha mwanga, hana kope, anajilamba macho kwa ulimi ili kuyasafisha. Kuna kinyonga anayetembea chini, kwa kuwa miti hakuna. Asubuhi yenye baridi anakuwa mweusi ili anyonye joto, mchana anapauka. Na kama mna bahati na ukungu ni mzito, mtaona mbawakawa. Anapanda mpaka kwenye ukingo wa tuta, anasimama kichwa chini matako juu, ukungu unagandia mgongoni, tone linakua, linateremka taratibu mpaka mdomoni. Mtoto wa miaka tisa akiona hivyo ataelewa kitu ambacho darasani kingechukua wiki nzima.

Hapohapo niseme jambo ambalo nawaomba mlishike kweli. Msiendeshe gari nje ya njia, hata kama uwanja unaonekana mtupu na mgumu. Kwenye zile kokoto kuna laikeni, mabaka ya rangi ya chungwa na kijivu, ambayo yakilowa ukungu yanafunguka na kuwa laini. Yanakua polepole mno. Alama ya tairi pale inaweza kukaa miaka mingi kuliko umri wa aliyeiweka. Nimeona nyayo za matairi zimekatiza katikati ya uwanja wa laikeni kwa sababu tu mtu alitaka kufupisha njia, na iliniumiza roho.

La pili kwangu ni Sandwich Harbour, kusini ya Walvis Bay. Hapo gari yenu iacheni. Lazima gari la 4x4 na dereva anayejua saa za maji kujaa na kupwa, maana kuna kipande ambapo tuta linashuka moja kwa moja baharini na gari linapita kwenye ukanda mwembamba wa mchanga mbichi. Maji yakijaa, ukanda haupo. Mnapita kwanza kwenye madimbwi ya kiwanda cha chumvi, maji yake ya waridi kwa sababu ya vijimea vinavyopenda chumvi, halafu dereva anashuka kupunguza upepo wa matairi. Mkipanda juu ya tuta mtaona mchanga mpaka upeo wa macho upande mmoja na Atlantiki upande mwingine, hakuna kitu katikati. Mwulizeni dereva mchanga ule umetoka wapi. Mto Orange unaubeba kutoka ndani kabisa ya Afrika ya Kusini, unaumwaga baharini, mawimbi na mkondo vinausukuma kaskazini, kisha upepo unaurudisha nchi kavu. Eneo lote hilo la mchanga wa Namib liliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2013. Na kabla ya hapo mtapita delta ya mto Kuiseb, ambako Watopnaar wanaishi na kuvuna nara, tikiti lenye miiba linaloota juu ya mchanga. Mbegu zake zinaliwa kama karanga; zikiuzwa mahali, nunueni.

Vya bure au karibu na bure: laguni ya Walvis Bay. Mnaweza kutembea kwa miguu kutoka mjini, mkaona heroe kwa maelfu wakitembea majini, weupe na wa waridi, na mwari wakubwa. Saa za jioni ni nzuri, ila upepo huwa mkali. Tuta wanaloliita Dune 7 liko nje kidogo ya mji, mtoto atapanda akipumzika mara kumi na kushuka mbio kwa mara moja. Epukeni mchana, mchanga unachoma. Na kwenye barabara ya Swakopmund angalieni baharini: kuna jukwaa kubwa la mbao limejaa ndege, lilijengwa miaka ya 1930 ili watu wakusanye mavi ya ndege hao ya kutengenezea mbolea.

Mashua za kwenda Pelican Point kuona sili na pomboo ni nzuri kwa mtoto. Pikipiki za magurudumu manne, kuteleza na ubao kwenye matuta, kuruka na parashuti, vyote vipo Swakopmund. Kama mumeo anapenda kuteleza na ubao mwacheni, ni raha. Pikipiki mimi sizipendekezi. Kelele inafukuza kila kitu mlichokuja kukiona.

Sasa Cape Cross, ambayo Mkongomani hapaswi kuikosa akiwa na siku nzima. Iko kama kilomita 120 kaskazini ya Swakopmund, sehemu ya barabara ni ya chumvi iliyoshindiliwa, nzuri ikiwa kavu, inateleza ukungu ukiilowesha, kwa hiyo polepole. Sili wamejaa ufukweni, wakati wa kuzaa, Novemba na Desemba, huweza kufika laki mbili. Harufu ni kali sana, bebeni leso. Mbweha wanazunguka katikati yao wakitafuta watoto dhaifu, mwandae mtoto wako kwa hilo. Lakini mimi nilisimama zaidi mbele ya msalaba. Mreno Diogo Cão alisimika nguzo ya mawe hapo mwaka 1486. Ni yuleyule aliyefika kwenye mlango wa mto Kongo miaka michache kabla, na majina ya watu wake yamechongwa kwenye miamba ya Yellala, karibu na Matadi. Habari ya nchi yetu na Wazungu ilianzia kwenye safari hizo, na huku kusini kabisa ndiko alikoishia. Nguzo ya asili Wajerumani waliichukua 1893, mnayoiona ni nakala. Mwaka 2019 Ujerumani ilikubali kuirudisha.

Swakopmund yenyewe Wajerumani waliianzisha 1892 kwa sababu Walvis Bay ilikuwa mkononi mwa Waingereza. Nyumba zake nzuri, gati lake, mnara wa taa, mtatembea kwa miguu kwa muda wa saa mbili mkamaliza. Ila nawaomba mfike pia makaburi yaliyo ukingoni mwa mji, upande wa jangwa. Ni vichuguu vya mchanga, vingi, bila majina. Ni Waherero na Wanama waliokufa kambini na kazini wakati wa mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908. Sisi tuliokulia katika mji uliojengwa na wakoloni na kazi ya shuruti ya babu zetu, hatuwezi kupiga picha za zile nyumba tu na kuondoka.

Welwitschia: mkipata kibali cha hifadhi mjini Swakopmund, kuna njia ya changarawe inayopita bonde lenye vilima vilivyoliwa na upepo mpaka kwenye mimea hiyo. Inaota Namibia na Angola tu. Ina majani mawili maisha yake yote, hayadondoki, yanaendelea kukua na upepo unayachana vipande, na mingine inakadiriwa kupita miaka 1,000. Msiikaribie sana, mizizi yake midogo iko karibu na uso wa ardhi.

Sossusvlei mtaambiwa na kila mtu. Ni pazuri kweli, matuta mekundu na miti iliyokufa karne nyingi bado imesimama. Lakini ni zaidi ya kilomita 300 za changarawe kutoka Walvis Bay, na kwenda na kurudi siku moja na mtoto ni mateso. Ama mlale Sesriem usiku mmoja, ama mwache kwa safari nyingine.

Mambo ya haraka. Viza mshughulikie kabla ya kutoka Lubum, na kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu awe na yake. Randi inapokelewa sawa na dola ya Namibia, lakini ukirudi na dola ya Namibia huku hakuna wa kukubadilishia. Chakula cha bei nafuu tafuteni Kuisebmond na Mondesa, mitaa ya wenyeji: nyama ya kuchoma ya kapana, na oshifima, ugali wao wa uwele, ambayo mtu wa bukari, ugali wa kwetu, hatapata shida nayo.

Mkirudi, kabla ya Grootfontein kuna kibao cha Hoba. Geukeni. Ni kimondo kizima cha chuma na nikeli, kama tani 60, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani, mkulima alikigundua 1920 akilima shamba. Watu wa shaba na kobalti kama sisi tukiweka mkono juu ya chuma kilichotoka angani, tunasimama kidogo. Kutoka hapo jazeni mafuta Grootfontein na mfike Rundu kabla ya giza, ng'ombe wanalala barabarani. Kesho yake, kati ya Divundu na Kongola, mnapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata. Tembo wanavuka lami hapo bila kungoja mtu, kwa hiyo mwendo mdogo, na mtoto akae dirishani.